Papasi Niliokufungia Kwenye Blanketi

Mwanangu mpenzi Kagaruki,

Marahaba, marahaba nyingi. Barua yako imefika, na ile hotuba yako iliyopigwa chapa imefika pamoja nayo, haikukunjika hata pembe. Mimi ni mzima. Mguu unauma, ule ule wa siku zote, na kahawa imechanua vizuri. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa maana haya sitaki yapite kinywani mwa mtu mwingine. Basi univumilie. Masomo yangu ni yale ya ubatizo tu, unayajua.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama unaweza kuja Noeli hii na mkeo na mtoto, mlale nyumbani. La pili, nikueleze habari ya blanketi, nilifanyaje na kwa nini. Nimekaa na barua hiyo wiki nzima. Hilo la pili hatujawahi kulizungumza vizuri, mimi na wewe, tangu ulipokuwa mvulana mpaka leo unafundisha madaktari kwenye chuo kikuu. Na la kwanza siwezi kulijibu bila kupitia kwenye la pili.

Unaukumbuka msonge wetu huu ulivyokuwa zamani, na nyasi tulizokuwa tunatandika chini. Kila Jumamosi niliongeza mpya juu ya kuukuu, nyumba ikanukia. Papasi walikaa kwenye vumbi chini ya nyasi hizo, na kwenye nyufa karibu na nguzo za kitanda changu. Wewe ulikuwa unawachokonoa kwa ujiti, unawatia kwenye gamba la konokono, unaniletea mekoni. "Mama, huyu amekunywa damu. Huyu hajanywa." Mimi namenya ndizi na wewe unanipangia papasi kando ya chungu. Nilikufukuza kwa mwiko, lakini nilicheka. Hakuna aliyewaogopa wale wadudu. Ulipougua homa yao, hata miaka miwili hujatimiza, bibi yako mzaa baba alikupakata akaniambia, "Usilie wewe. Akipona, nyumba itakuwa imemjua." Ukapona, na haikukurudia tena kwa nguvu.

Sasa nikuambie habari za kaka yangu Zakaria, mjomba wako, ambaye hukumwona. Alikwenda Uganda kulima pamba, akakaa miaka mitatu. Akarudi na baiskeli na viatu, amenenepa, wasichana wakapita mbele ya nyumba mara nne kwa siku kwenda kisimani. Alilala kwa mama yetu kule Rugera, mahali alipozaliwa. Siku ya kumi alikuwa anatetemeka. Hakupona. Baiskeli ilibaki imeegemea ukuta mpaka ikaota kutu, kwa sababu mama hakutaka iguswe. Watu wote walisema neno moja, kwamba papasi wa kwao walikuwa wamemsahau. Ndiyo maana wazee wakisafiri mbali walifunga wachache kwenye kitambaa pamoja na udongo wa nyumbani, wawaume huko huko waendako, wakirudi wawe hawajasahauliwa.

Kwa hiyo ulipopata nafasi ya shule ya mbali, ya kulala huko huko, mimi sikuona shule. Nilimwona Zakaria.

Nilichimba chini ya kitanda changu, upande wa kichwa, nikapata papasi saba. Nilichagua walioshiba, wasije wakakuuma njiani. Nikawafunga na udongo kidogo kwenye kipande cha gauni langu, nikashonea ndani ya pindo la blanketi lako. Baba yako akanikuta.

"Mama Kagaruki, unashona nini?"

"Pindo."

"Pindo linataka udongo?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mtoto anakwenda shule, mke wangu. Hahami na nyumba."

Lakini hakulifumua. Na wewe hatukukuambia. Hapo ndipo nilipokosa, Kagaruki, nimelijua zamani. Nilifikiri ukijua utawatupa. Nilikusindikiza mpaka barabarani, ukanishika mkono, halafu ukauachia, ukasema, "Mama, rudi sasa, watu wanatazama." Nilirudi huku nimeridhika. Moyoni nikasema, angalau haendi peke yake.

Mwaka ule ndio nilioanza kujua kusoma. Barua ya kwanza niliyoisoma mwenyewe, bila kusaidiwa, ilikuwa yako. Ilikuwa mistari minne. Kwamba wenzako wamewaona papasi, wamechoma blanketi na sanduku, hakuna anayetaka kulala karibu nawe. Kwamba wanakuita Papasi. Kwamba mama yako amekutia aibu. Kwamba likizo hutakuja. Niliisoma kibanjani, kwenye migomba, nikarudia nikidhani labda nimesoma vibaya.

Hukuja likizo ile wala iliyofuata. Baadaye ukawa unakuja mchana, unakula, unalala kwa mwalimu Anatoli kwenye nyumba yake ya matofali, asubuhi unaondoka. Nilikuwa nakutandikia kila mara. Asubuhi nakunja tena.

Halafu baba yako akafariki. Siku za msiba ulilala chini kwenye nyasi na wanaume wengine, kama desturi. Wiki iliyofuata homa ikakushika. Nilikuuguza siku zile nikiwa sina nguvu hata ya kumlilia baba yako. Jasho linakutoka, meno yanagongana, ukafumbua macho ukaniuliza, "Mama, wale ulionifungia walikuwa wangapi?" Nikatoka nje. Nilidhani unanisuta. Nilidhani unataka kuniambia, umeona, hao hao papasi wako ndio wataniua. Sikukujibu, na ulipopona ulikwenda zako, wala hukuuliza tena. Miaka yote hii nimekuwa nikilisikia swali hilo kama tusi la mwanangu.

Sasa Jumapili baada ya ibada mwalimu Anatoli akaja kunisomea hotuba yako, ile uliyotoa mbele ya maprofesa siku walipokukabidhi kazi ya kufundisha. Anaisoma Kiingereza kwanza, halafu anatufasiria. Jirani yetu Ma Tereza alikuwapo, unamjua, hakosi.

"Papasi?" akasema. "Miaka yote hiyo ng'ambo anasomea wadudu wa chini ya kitanda cha mama yake? Waitu jamani, si angebaki hapa tukamfundisha bure?"

"Nyamaza, mama, sasa inakuja sehemu inayomhusu Ma Kagaruki," akasema mwalimu.

Akasoma kwamba wengi wameuliza wazo la kazi yako lilitoka wapi, na kwamba halikutoka kitabuni. Lilitoka kwa mama mmoja wa Karagwe aliyeshonea papasi kwenye blanketi la mwanawe kwa sababu alijua jambo ambalo walimu wa mwanawe hawakulijua. Na kwamba mwana huyo alimwonea mama yake aibu, na hakumtendea haki.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Ma Tereza alikaa kimya, jambo ambalo mwalimu alisema tuliandike ukutani.

Basi ulikuwa unauliza kweli. Ukiwa unatetemeka vile, ulikuwa unauliza kama mtu anayetaka kujua. Walikuwa saba, mwanangu. Samahani kwa kuchelewa kukujibu.

Lakini hotuba haikuishia hapo. Uliwaambia kwamba tulijua nusu. Kwamba anayeumwa na papasi wa nyumbani hupata kinga kweli, ila ni ya muda, na ni ya papasi wale wale, na kwamba wanaoilipia kinga hiyo ni watoto wachanga, kwa maana wengi wao homa ya kwanza huwachukua. Mwalimu alisoma hapo polepole bila kunitazama. Hukumtaja dada yako Kemilembe. Alikufa kabla hujazaliwa, hajaweza hata kukaa. Bibi yako alimpakata yeye pia, akasema maneno yale yale, "Akipona." Mimi nilikuwa nasikia "nyumba itakuwa imemjua" tu. Lile neno la kwanza sikulisikia vizuri mpaka Jumapili hii.

Na mtoto wako hajawahi kuumwa na papasi hata mmoja. Nilipolielewa hilo nilikuwa tayari kukuandikia usimlete. Nimwone tu mchana kwa mwalimu, nimbebe, aondoke, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikaianza barua hiyo. Sikuimaliza.

Nikamwita Ma Tereza tukatoa nyasi zote, kuukuu na mpya, tukachoma. Tukachimba sakafu kiasi cha mkono mzima. Kitanda changu nimekichoma pia, kile cha siku ya ndoa yangu. Halafu wale vijana wako wanaopita vijijini na dawa ya unga ya kuua papasi wakaja, wakanyunyiza kila ufa, na mimi nimepiga chafya siku mbili. Ma Tereza alisimama mlangoni akaniuliza, "Na wewe sasa ukienda Rugu kwa dada yako, ukirudi ni nani atakayekujua humu ndani?" Nikamwambia mwanangu atanijua.

Kwa hiyo njoo. Njooni wote watatu, mlale hapa. Fundi ametengeneza kitanda kipya chenye miguu mirefu, nimekiweka mbali na ukuta. Mwambie mkeo asiogope, na kama ataogopa pia ni sawa, nitakaa macho mimi.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la kahawa, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa nta. Kabla hawajanyunyiza niliwaomba vijana wanisubiri, nikachimba pale pale, upande wa kichwa. Ni saba tena, pamoja na udongo wao. Ni kwa ajili ya kazi yako. Kifungulie chuoni, wewe mwenyewe, usikipeleke nyumbani kwako hata kwa dakika moja. Safari hii sikushona pindoni. Nimekuambia.

Ni mimi mama yako, ninayekutandikia,
Nyakasimbi