Giza la Kwetu Lina Wenyewe

Kwa Mzee Clemens,
Barabara ya Laela,
Sumbawanga.
10 Julai 2024

Mpendwa mke mwenzangu Avelina,

Shikamoo yako nimeipata kwenye simu ya baba yako mdogo Clemens. Marahaba. U mzima? Unakula, au huko Ujerumani bado ni mkate tu? Sisi wazima, ila magoti yangu na baridi hii hayaelewani. Ulezi tumevuna.

Clemens anasema ulilia kwa sababu darubini yenu ilishindwa siku ya kwanza kujaribiwa. Futa machozi, nikugombeze.

Tuliambiwa darubini ya mjukuu wetu inafunguliwa. Hapa kwetu mtoto akiwa na siku yake kubwa, tunakaa gizani? Niliwasha taa zote za sola, majirani wakakoka moto, pombe ya ulezi ikanyweka. Masunga wa bodaboda akageuzia taa za pikipiki kilimani kwenye darubini yenu ili wageni waone njia. Asubuhi fundi wenu Abeli akaja amevimba: "Bibi, mmetuharibia!" Nikamwambia, "Shikamoo kwanza."

Akaniamkia, ndipo akanieleza. Kumbe hiyo miale ya gama mnayoiwinda kutoka mbali angani haifiki chini. Inapasukia huko juu na kuacha mmweko wa buluu, mfupi kuliko kupepesa jicho, na vioo vyenu vinatafuta mmweko huo. Nimeelewa. Ni kama vumbi la basi la Laela: basi hulioni, lakini unajua limepita. Mwanga wetu uliufunika, mashine ikajizima.

Lakini Avelina, mlipima giza letu miaka yote ile, mkalisifu kwenye makaratasi yenu, na wenye giza hamkuwaambia neno. Mlidhani humu wanaishi swala?

Giza lisilo na mwezi likirudi mwanzoni mwa Agosti mtajaribu tena. Nimepita nyumba kwa nyumba. Taa zitazimwa, moto utafukiwa. Masunga amenung'unika, lakini atazima.

Taa ya zahanati haizimwi. Abeli aliniomba na hiyo, nimekataa. Jovina, mke wa kaka yako, anatarajia kujifungua siku hizohizo. Mwaka jana jirani yetu Coleta alizalia kwenye mwanga wa simu, simu ikazimika katikati. Mtoto hatukumpata. Ninyi mliosoma ifunikeni taa hiyo kwa juu, au mgeuzie vioo upande mwingine. Hilo ni lenu.

Clemens, Jovina na Coleta wanakusalimu. Mungu akutunze huko, na akutunzie macho.

Darubini ikishindwa tena kwa ajili ya taa hiyo, usilie. Waambie wakubwa wako bibi yako ndiye aliyekataa, na jina langu walitamke sawasawa.

Ni mimi ninayekupenda kwa ukali,
Bibi yako Silvana