Mshale Ulionyesha Nusu Tangi

Mke wangu Kabula,

Nakusalimu kutoka Bariadi nikiwa nimevunjika moyo. Sikuwahi maziko ya mjomba. Gari kuukuu la baba lilizimika nilipopita Mwanhuzi, na mshale wa mafuta ulionyesha nusu tangi. Nilibadilisha fyuzi, nikakaza nyaya za geji, bure. Mwishowe nilichovya kijiti kwenye tangi, kikatoka kikavu. Nilikaa juani hadi dereva wa lori la mnunuzi binafsi wa pamba aliponigawia petroli aliyobeba kwenye dumu.

Fundi wa hapa alifungua tangi akasema, “Boya linaloinua mshale limekwama kwa kutu, mzee. Mshale huu hauwezi kushuka.”

Mama alinipokea kwenye kaburi lililokwisha kufukiwa. “Tulikungoja, mwanangu, lakini joto halikuruhusu mwili kukaa zaidi.”

Wakumbatie watoto. Natamani ungekuwa hapa, maana hata kulia nashindwa.

Wako, Masanja