Kupe wa Kunde

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaykum. Sisi hapa Waberi tu wazima, mama yako anakusalimu, na yule ngamia mwekundu amezaa.

Umeniuliza kwa nini vinundu vya mizizi ya kunde zenu za chuoni vimegeuka kijivu ndani jua lilipozidi. Mimi niliviona wakati wa vita, askari walipotukusanya katika kijiji kimoja kando ya mto Tana. Mengine ya siku zile tuyaache.

Jirani yetu Jilo, mkulima wa mtoni, alinipa mbegu za kunde bure. Bure, siku zile? Nilidhani anapeleka habari zetu kwa askari. Nikihofia sumu, nilimlazimisha atafune mbegu mbili mbele yangu kwanza.

Zikaota. Nikang'oa shina moja, nikakuta mizizi imejaa vinundu. Sisi wafugaji tunamjua kupe. Nikafukua safu nzima, nikavibandua vyote, nikavichoma, kisha nikaifukia mizizi huku nikimlaani Jilo kimoyomoyo. Majani yakawa manjano.

Jilo akaja kutazama. Alipasua kinundu cha safu iliyopata maji, ndani pekundu kama nyama. Akapasua cha safu kavu, ndani kijivu.

"Hivi ndivyo vinavyoilisha kunde, dada," akasema. "Vikikosa maji vinaacha kazi."

Kisha akaonyesha safu yangu ya manjano. "Na hii?"

"Jua tu," nikamwambia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta akiimwagilia safu ile kwa maji yake mwenyewe.

Ayeeyo wako