Kiwiko cha Meza ya Tisa

Jumatatu, 5 Mei
Kiwiko tena. Leo nimeshindwa kuinua birika la chai kwa mkono wa kulia. Birika, si gunia. Maumivu yako upande wa nje, juu ya kile kifupa kinachotokeza, na yanateremka hadi kwenye kifundo cha mkono. Nikishika pasi, yanakuja. Nikikamua nguo, yanakuja. Jana kanisani nilisalimia watu kwa mkono wa kushoto kama asiye na adabu.

Miaka saba sasa napiga pasi mashati katika kiwanda hiki cha hapa Thika. Mikataba yetu inaisha mwisho wa Juni, na orodha ya watakaobaki hubandikwa getini. Supavaiza akijua mkono umeharibika, jina langu halitakuwepo. Kwa hiyo hajui, na hatajua.

Jumapili, 11 Mei
Nimetoka Ngoliba kwa mama. Aliniona nikikata mboga ya sukuma wiki kwa mkono wa kushoto, akaleta mafuta ya mbariki. Amenikanda kwa kidole gumba mpaka machozi yakanitoka. Kwake kila ugonjwa ni baridi imeingia kwenye mfupa. Jioni kiwiko kimevimba. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumatano, 14 Mei
Nimeomba ruhusa ya mazishi. Hakuna aliyekufa. Nimekwenda Ruiru kwa mtaalamu wa viungo, mbali na macho ya Thika. Mama mmoja mwenye miwani, hana maneno mengi. Alinibonyeza kile kifupa, nikaruka. Akanyoosha mkono wangu, akaniambia niinue kiganja yeye akikisukuma chini. Nikaruka tena. Akauliza kama vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, maana hapo ingekuwa neva. Havifi. Akapapasa ile ncha ya nyuma ya kiwiko, aone kama pamejaa maji. Hapajajaa. Uvimbe huu, akasema, ni wa kukandwa.

Basi ni kano. Zile zinazoinua kiganja, zimechoka kwa kurudia kazi ile ile. Ugonjwa wa wacheza tenisi. Nilicheka. Tenisi nimeiona kwenye televisheni tu.

Nilitaka sindano. Alisema sindano huyanyamazisha maumivu wiki kadhaa, halafu mara nyingi hurudi, na pengine kwa ubaya zaidi. Kwake kinachofaa ni mazoezi kila siku, miezi mitatu au zaidi, mkanda chini ya kiwiko, na kazi nyepesi. Akaandika barua kwa mwajiri: nibadilishwe kwa muda, nikunje mashati badala ya kupiga pasi. Akagonga muhuri.

Barua nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Ayubu. Itakaa hapo.

Ijumaa, 16 Mei
Meza yetu ni ya tisa. Mimi napiga pasi, Mama Shiru anakunja. Miaka minne bega kwa bega, namjua hata kikohozi chake. Kila shati lina tikiti mbili, ya aliyepiga pasi na ya aliyekunja. Ofisi inahesabu tikiti. Haiangalii ni mikono ya nani.

Leo niliangusha pasi. Mama Shiru aliiokota kabla supavaiza hajageuka.

"Mama Kim, leta hiyo pasi. Wewe kunja."

Nikamkumbusha kwamba kubadilishana ni marufuku.

"Nani atajua? Tikiti wacha zikae vile ziko."

Nilikubali upesi. Upesi mno.

Jumanne, 27 Mei
Chupa ya maji ya nusu lita. Mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini. Nainua kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, nashusha polepole bila msaada. Mara kumi na tano, napumzika, narudia. Kisha kusokota taulo. Inauma. Yule mama alisema maumivu kidogo si hatari, mradi yatulie kabla ya kesho yake.

Kukunja nako si mchezo. Kola, vifungo, karatasi ngumu, mfuko. Mimi ni mzito. Meza ya nane wanafunga bunda sisi tuko nusu. Mama Shiru anapiga pasi kama mtu aliyezaliwa nayo. Supavaiza akikaribia, pasi inarudi mkononi mwangu.

Jumatatu, 9 Juni
Supavaiza amenisifu mbele ya watu wote. Mashati yenye tikiti yangu hayana hata mkunjo. Wakapiga makofi. Mama Shiru naye alipiga. Kisha akaambiwa ajikaze, tikiti zake zimepungua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Uzito wangu unaandikwa kwa jina lake.

Nilimwambia turudi kila mtu mahali pake. Akautazama mkono wangu. "Bado. Ukipona tutarudi." Nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru kwanza, aibu ikaja baadaye.

Ijumaa, 20 Juni
Kiwiko kinapoa. Leo nimebeba ndoo, nusu, lakini nimeibeba.

Mama Shiru amejishika mkono mara mbili akidhani simwoni. Upande wa nje. Juu ya kile kifupa.

Barua bado iko kwenye Ayubu. Nikiitoa sasa wataona ni ya Mei, watauliza ni nani amekuwa akipiga pasi. Nimejifungia mlango mwenyewe.

Jumatatu, 30 Juni
Orodha. Jina langu ni la tatu. Lake halipo.

Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata majina. Akanigusa bega. "Si mbaya, Mama Kim. Angalau mmoja wetu." Akaenda kutoa leso yake na kikombe chake kwenye kabati. Sikumfuata.

Jumatano, 2 Julai
Nilifika mlango wa ofisi na barua mfukoni. King'ora cha chai kikalia. Nikarudi. Hakuna aliyenirudisha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Barua imerudi kwenye Ayubu.

Mkunjaji mpya ana mikono myepesi. Pasi imerudi kwangu. Kufikia mchana kiwiko kimeanza.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya kanisa nilipitia mtaa wa Landless, kwa Mama Shiru. Nilimpelekea mkanda wangu na chupa ya maji. Alipika chai, akaimimina kwa mkono wa kushoto.

Niliufunga mkanda, vidole viwili chini ya kiwiko, kama nilivyofungwa mimi. Nikauweka mkono wake juu ya meza, kiganja chini, nikamwonyesha, nikimsimulia ya yule mama wa Ruiru. Inua kwa kusaidiwa. Shusha polepole. Yeye ni mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Alikunja uso tu.

Tulipofika kumi akaiweka chupa chini.

"Huyo daktari hakukupea barua? Wengine hupewa, wabadilishiwe kazi."

Biblia ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba ulikuwa mapajani.

Nikasema hakunipa.

"Aki, hawa madaktari," akasema. Akaishika chupa tena. Tukaendelea kutoka kumi na moja.