Mkate wa Baker

Leeds, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi ya Ruring'u? Sisi tu wazima. Ngendo amekaribia kujifungua, na daktari anasema ni mvulana. Kwa desturi yetu ataitwa kwa jina lako, tena lote: Kinuthia Baker.

Huku nimejifunza kwamba Waingereza wa kale walimwita mwoka mikate Baker, na wanawe wakarithi hata kama hawakushika unga. Angalia waliolibeba! Josephine Baker, Mmarekani mweusi, alicheza dansi Paris, na wakati wa vita akapitisha siri za kuwapinga Wanazi kwenye karatasi zake za muziki. Ella Baker, ambaye bibi yake alizaliwa utumwani, alitumia maisha yake kuwaunganisha watu weusi wadai haki zao. Nikisoma habari zao najivuna kana kwamba ni shangazi zangu.

Mwanao,
Mutahi

Ruring'u, 19 Machi

Mwanangu Mutahi,

Salamu nyingi kwako na kwa Ngendo. Goti linalalamika kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi, lakini natembea.

Hao akina mama nimewavulia kofia. Ila mimi jina hilo sikurithi. Meneja wa hoteli nilikooka mikate alishindwa kusema Kinuthia, akaniita kwa kazi yangu, na karani wa kitambulisho akaandika alivyosikia. Ati nimrithishe mjukuu uvivu wa mzungu? Mwite Kinuthia, basi. Hilo lingine life na mimi. Tangu mama yako atutoke, hata tanuri ni baridi.

Baba yako

Leeds, 6 Aprili

Baba,

Natumaini u mzima. Ngendo amejifungua salama, na daktari alikosea: ni msichana! Kwa hiyo ni Wakonyo, jina la mama. Mama amerudi nyumbani.

Nimekutii. Tarehe ishirini na sita tunamwandikisha Wakonyo Mutahi. Lakini sasa mtoto hana jina lako hata moja, na inaniuma.

Mutahi

Ruring'u, 24 Aprili

Mutahi,

Natumia simu ya jirani yetu Magdaline, maana posta itachelewa. Mpe Ngendo pole na hongera.

Nililia niliposoma jina la mama yako. Kisha nikakumbuka: hoteli ilipofungwa, nani alibeba kikapu mpaka Majengo? Mimi niliona aibu kutembeza mikate. Yeye alipaza sauti, "Mkate ya Baker! Iko moto!" mpaka waliotoka msikitini asubuhi wakawa wanamngoja. Meneja alinibandika jina kwa uvivu. Mama yako akalipatia heshima, na likakusomesha. Nikilizika, nazika kazi yake.

Mwandike nalo.

Jana niliwasha tanuri. Mkate wa kwanza uliungua. Wa pili nilimpa Magdaline, akauliza, "Hii mkate ni ya nani, mzee?"

Nikamwambia, "Ni ya Wakonyo Baker."

Babu yake, Guka