Bibi Kabula na Ng'ombe Wake

Dada Zuhura, shikamoo. Tumefika Runzewe salama, ila vumbi limeingia hadi kwenye meno na mgongo umekufa ganzi. Bibi Kabula, bibi yake shemeji yako, aliposikia gari letu tu akaamuru ng'ombe waswagwe porini. Shemeji yako anasema ndivyo alivyo. Utotoni mwa bibi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, gari likija lilikuwa linafuata ng'ombe wa kulisha askari.

Akatukaribisha kwa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kibuyu kizima cha maziwa mgando, huku akiapa kwamba hapa hakuna ng'ombe hata mmoja. Nilivyochoka, hata kucheka kuliniuma.

"Bibi, na haya maziwa je?"

Hakucheka. Akanijazia kikombe tena, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, ng'ombe tuliwahi kuwaficha. Kaka yangu hatukuwahi. Wakampandisha gari la askari, hakurudi."

Jua linazama, ng'ombe ndio wanarudi. Wakumbatie wanangu. Na kaka yetu Idi akipita hapo nyumbani, dada, safari hii msigombane. Mpakulie ale.

Mdogo wako,
Rehema