Kichupa Namba Ishirini na Saba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba umekubali kutumia ile fimbo, ingawa najua ulivyo mbishi. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza maneno nami ningepata pa kuchomokea.

Shemeji ameniambia Mama anakula vizuri hapo kwenu, na kwamba juzi aliuliza yuko wapi yule wa mafuta. Jina langu limempotea, la utani limebaki. Unakumbuka alivyokuwa akiwalalamikia majirani kwamba mwanawe amesoma mpaka mvi zikamtoka, kumbe anachunguza mafuta, na wao wakamuuliza lita bei gani? Nilicheka peke yangu maabara, kisha nikajifungia stoo nikalia.

Utafiti wetu umechapishwa, na mkuu wangu amenipongeza mbele ya watu. Tulipima mafuta yanayojenga ubongo, yale ambayo chembe zake huonekana hata kwenye damu. Kwa wagonjwa wa kusahau, aina moja imepungua sana. Kwa wazee wenye afya, iko palepale. Mchoro wetu ni safi, kundi moja juu, jingine chini, hakuna aliyechanganyika. Kila wanaponisifu kwa usafi huo natamani ardhi ipasuke.

Tulipokosa wazee wenye afya, nilimwomba Mama. Alikuja kila mwaka, miaka mitatu, na kila mara alijisifu kwamba damu yake ni ya msichana. Kwa kawaida sisi hatujui damu ni ya nani. Kichupa kina namba tu, na orodha ya majina anaifungia muuguzi kabatini. Lakini Mama aligoma kuchomwa sindano mpaka nimshike mkono, na nikiwa nimemshika niliiona namba. Ishirini na saba. Siku hiyo aliniambia nikiona kitu humo nimwambie yeye kwanza, halafu wewe. Nikamwahidi.

Mwaka wa tatu namba ile ilishuka, Dada. Ilishuka kwenye mchoro mpaka kundi la wagonjwa. Mafuta peke yake hayathibitishi ugonjwa, na neno hilo nililing'ang'ania kweli. Lakini yalitosha kumpeleka kwa daktari. Mimi nilifungua daftari la sampuli zilizoharibika, nikaandika kwamba ishirini na saba iliyeyuka kabla ya kupimwa. Ni mstari mmoja na sahihi, hakuna anayeuliza. Haikuyeyuka. Niliibeba mwenyewe kwenye barafu. Sijui hadi leo kama nilimwogopea Mama au niliuogopea mchoro wangu. Nadhani vyote viwili.

Miezi miwili baadaye ikaja harusi ya binti yako. Mama hakutokea, tukamkuta kwake anapiga pasi mapazia, anasema hakuna aliyemwalika. Wewe ulisema amefanya makusudi kwa sababu hakumpenda bwana harusi, ukamnunia miezi kumi. Ulinipigia ukiniuliza mimi mwenye elimu naonaje, nami nikajibu kwamba wazee wana mambo yao. Nilijua, Dada. Nilijua na nikakuacha umchukie. Siku ulipokwenda kuomba radhi, alikukaribisha kiti akakuuliza umetoka kwa nani.

Tangu hapo kila tukikutana unasema hutajisamehe. Mzigo huo si wako. Miezi ile kumi nimekuibia mimi, na hakuna namna ya kuirudisha.

Leo asubuhi nimemwandikia mkuu wangu ukweli wote na kuomba kichupa kirudishwe kwenye mchoro. Inawezekana nikafukuzwa, na itakuwa haki. Kinachoniuma zaidi ni kwamba damu ile ndiyo iliyokuwa na la maana kutuambia, kwamba mafuta hushuka mtu angali anacheka na kupiga pasi, kabla kusahau hakujaonekana.

Msalimie sana shemeji, na binti yako na mumewe. Mwambie Mama yule wa mafuta anakuja. Nitafika Jumamosi asubuhi, na nitaanza na yeye, kwa sababu ndivyo nilivyomwahidi. Atakuwa amesahau kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Wewe hutasahau, na ndiyo maana nimeandika kwanza, ili ukitaka nisivuke kizingiti chako uwe na muda wa kusema.

Ni mimi mdogo wako,
Mafuta